Karakana ya nyumbani Lamu: chumbani au darini, mkono au umeme?

Mtu anayekaa chumba na sebule ghorofani, awe Mkomani au Langoni, akipendezwa na kazi ya mbao huanza kwa kuuliza anunue msumeno gani. Mimi ningemwambia kwanza atazame ngazi yake, sakafu yake na jirani yake wa chini. Mahali utakapofanyia kazi ndipo patakapokuamulia vifaa, meza na hata aina ya mbao. Ukianza na vifaa, utaishia na mashine nzuri isiyo na pa kuwashwa.

Nazungumza na mtu wa kujifurahisha, anayefunga kazi saa kumi alasiri na kutaka kuchonga marufaa ya kuwekea msahafu, kasha la vito, bao, au mfano wa jahazi wa kuweka kabatini. Mwenye nia ya kuunda milango na vitanda vya kuuza ana hesabu nyingine.

Chumbani

Nyumba za mawe za mji wa kale, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ina mwisho wa urefu wake, kwa hiyo vyumba vingi vya zamani havipiti mita 3 kwa upana, hata kama vimekwenda mbali kwa urefu. Kwa karakana, chumba cha namna hiyo si kibaya. Meza yenye upana wa sentimita 50 ukiiegemeza kwenye ukuta mrefu, bado unabaki na njia ya kupita na pa kutandika kitanda. Unene wa kuta huzuia kelele za pembeni. Na kama nyumba bado ina zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, humo patasi na tupa hukaa bila kugongelewa msumari hata mmoja, jambo ambalo ni heri, maana lipu ya chokaa haishiki skrubu. Utatoboa tundu jembamba, litoke pana kama kikombe, kisha ukajieleze kwa mwenye nyumba.

Udhaifu wa chumba uko chini ya miguu. Boriti imeshikwa na ukuta huku na huku, na katikati haina kitu cha kuiegemea. Ukigonga patasi hapo katikati, sakafu nzima hujibu, na aliye chini husikia kila pigo. Rafiki yangu mmoja alifuatwa na mama mwenye nyumba mpaka mlangoni: "Mwanangu, huko juu watwanga nini? Chai yangu yaingia mchanga." Haukuwa mchanga, ilikuwa chokaa kuukuu iliyokuwa ikidondoka kutoka baina ya boriti. Alichofanya ni kuisogeza meza mpaka ncha za boriti zinapoingia ukutani, akaweka vipande vya mpira wa tairi chini ya miguu ya meza, na malalamiko yakaisha. Kabla ya kuweka meza, tazama dari ya chumba cha chini au cha kwako boriti zinaelekea wapi. Kwa kawaida huvuka upana wa chumba, kwa hiyo meza iliyogusa ukuta mrefu ndiyo iliyokaa mahali pagumu.

Tatizo la pili ni vumbi. Maranda ya randa na vipande vya patasi havina neno, vinafagiliwa. Lakini vumbi laini la msasa huelea hewani kwa muda mrefu, na hicho ndicho chumba unacholala. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo linahusu zaidi watu wanaolivuta miaka na miaka viwandani, lakini sioni sababu ya mtu kulala nalo kwenye mto.

Darini

Juu kabisa, chini ya paa la makuti, kuna vitu viwili ambavyo chumba hakina: mwanga na upepo. Vumbi linajiendea. Unaweza kukata ubao wa futi sita bila kugonga kabati. Ukimaliza, ufagio mmoja unatosha.

Lakini upepo huo unaokupunguzia vumbi una mahali unakolipeleka. Kusi ikivuma, tangu Aprili hadi karibu na Septemba, maranda yako yatakwenda kwenye dari ya jirani, juu ya nguo zake na samaki wake alioanika. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huyapeleka upande wa pili, kwa jirani mwingine. Turubai lililofungwa upande mmoja, lile la upande upepo unakokwenda, ni la lazima. Na masika yakianza, Aprili na Mei, kuna siku nyingi ambazo hapatafanyika kitu darini ila kuhamisha mbao zisiloe.

Jua nalo. Ubao ulioachwa juu unakauka mchana, unavuta unyevu usiku, na baada ya muda mfupi utaukuta umepinda au umepasuka ncha. Gundi ya mbao hukauka upesi kwenye upepo, kabla hujafika kubana kipande cha mwisho. Kwa hiyo kuunganisha na kubana nakushauri ufanyie chumbani hata kama kukata umefanyia juu.

Kisha kuna jambo ambalo halina mjadala. Greinda ya kukatia chuma, au kitu chochote kinachotoa cheche, hakiwashwi chini ya makuti. Makuti makavu yanashika moto kwa kasi, na nyumba za mji wa kale zimegusana bega kwa bega, nyingine zimeunganishwa na wikio juu ya njia. Ukiwa na chuma cha kukata, kipeleke kwa fundi wa chuma.

Dari nyingi ni za wapangaji wote, si zako peke yako. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na kwa mama anayeanika nguo pia, huyo zaidi.

Au pembe kwa fundi?

Njia ya tatu ni kumwomba fundi mwenye karakana mtaani akupe pembe jioni, kwa malipo kidogo. Vumbi na kelele vinabaki kwake, na utajifunza kwa kutazama kuliko utakavyojifunza kwa video. Ubaya wake ni kwamba unafanya kazi kwa saa zake, na patasi yako iliyonolewa vizuri utaikuta imefungulia mkebe wa rangi. Kwa anayeanza kabisa, ningesema anza hapo kwa miezi michache, kisha urudi nyumbani ukijua unachotaka. Kwa anayejua tayari, nyumbani ni bora.

Wa Malindi nawaweka kando kidogo. Wengi wanakaa fleti za zege, na sakafu ya zege haidondoshi chokaa kwenye chai ya mtu, wala haichezi katikati. Lakini zege husafirisha mlio wa nyundo mpaka ghorofa ya tatu, na badala ya dari yenye makuti kuna kibaraza cha mbele cha mita moja kwa mbili hivi. Faida yao kubwa ni usafiri: tuktuk inaleta ubao mpaka mlangoni. Lamu ubao hufika kwa punda, kwa mkokoteni au kwa bega, kisha kuna ngazi.

Ngazi hizo zipime kabla ya kununua chochote. Ni nyembamba, zina kona, na ubao wa futi 12 hautapinda. Pima kutoka kona hadi kona, tena kwa mshazari, kwa ufito uleule utakaoupandisha. Halafu mwambie muuzaji akukatie palepale dukani. Kukatiwa ni rahisi kuliko kubeba ubao mzima mpaka ngazi ya pili na kurudi nao chini.

Uamuzi wangu: kama una dari na ruhusa, kata na kupiga msasa juu, chonga na kuunganisha chini chumbani. Kama huna dari, kaa chumbani kwa vifaa vya mkono tu na usahau msasa wa mashine. Hakuna chumba cha kulala kinachofaa kuwa na mashine ya msasa.

Mkono au umeme

Hapa ndipo watu hubishana zaidi, na kwa nyumba ndogo jibu si gumu hivyo.

Umeme wetu ni volti 240, na plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, maana yake soketi moja inaweza kubeba kama wati 3,000. Msumeno wa duara wa wati 1,200 hautaishinda. Kinacholeta hatari ni waya wa kurefusha: nyumba ya zamani ina soketi chache, darini huenda hakuna kabisa, na mtu huvuta waya mwembamba kupitia ngazini. Waya uliozungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto ukibeba mzigo mkubwa. Ufungue wote hata kama unahitaji mita tatu tu.

Kelele ni jambo jingine. Msumeno wa duara hufika karibu na desibeli 100. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza sikio lisikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa nusu. Fanya hesabu, utaona kwamba kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Hiyo ni kwa sikio lako wewe uliyejichagulia. Jirani aliye ng'ambo ya kichochoro, dirisha kwa dirisha, hakuchagua. Baada ya adhuhuri watu wamelala, jioni watoto wako chuoni wanasoma Kurani, na wakati wa Ramadhani mchana mtu amefunga na kichwa kinamuuma. Ukiondoa na saa za sala, saa za kuwasha mashine mjini Lamu ni chache mno kiasi cha kutostahili bei ya mashine.

Vifaa vya mkono vina ubaya mmoja, nao ni jasho. Kupunguza unene wa ubao kwa randa ni kazi ya jioni nzima, wakati mashine ya fundi huimaliza kwa dakika. Ndiyo maana ninachopendekeza ni mchanganyiko: kazi ya nguvu umlipe fundi mwenye mashine, akunyooshee na kukupunguzia ubao, na kazi ya mkono uifanye mwenyewe. Kifaa kimoja tu cha umeme ninachokiona kinafaa ndani ya nyumba ni drili ya betri. Haina waya, haina kelele ya kuudhi, na hukaa kwenye kidaka.

Tuchukue marufaa kama mfano, maana ndiyo kazi ninayompa kila anayeanza. Marufaa ya asili hutoka kwenye ubao mmoja, bila bawaba ya chuma wala gundi. Unachora mstari wa bawaba kwa kuvuka upana wa ubao, unaugawa sehemu tano au saba, kisha kwa patasi nyembamba unachimba kila sehemu kwa mteremko, moja kutoka uso huu, inayofuata kutoka uso wa pili. Baada ya hapo unapasua ubao kwa unene, msumeno ukiingia kutoka ncha zote mbili mpaka ufike kwenye bawaba. Kama umechimba sawasawa, kuna mlio mdogo wa kupasuka, nyuzi za mwisho zinaachia, na ubao unafunguka. Kile kipande cha bawaba hakuna mashine ya nyumbani itakayokutengenezea, ni patasi ya milimita 6 na subira. Ila kule kupasua kwa unene, ubao ukiwa na upana wa sentimita 25, mkono utakufa ganzi, na hapo ndipo ningekwenda kwa fundi na shilingi zangu.

Kwa hiyo nunua hivi: msumeno wa mkono wenye meno madogo, randa moja, patasi tatu za upana tofauti, nyundo ya mti, futi kamba, klampu nne, na kinoo kizuri. Kinoo kisiwe cha mwisho kwenye orodha. Patasi butu ndiyo inayoteleza na kuingia kwenye kiganja.

Meza

Meza ya kudumu ni thabiti kuliko zote, na kwa chumba kidogo ni nzito kuliko zote pia. Meza ya kukunja ni nyepesi, ila hutikisika ukisukuma randa. Yenye jina kubwa ni Workmate, iliyobuniwa na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akichora magari ya Lotus Uingereza. Alipata wazo baada ya kukata kiti chake mwenyewe cha bei kwa msumeno, akikitumia kama meza ya kazi. Kwa kukata na kutoboa inafaa sana, na ikikunjwa huingia nyuma ya mlango. Kwa randa, isukumie ukutani na uiwekee mguu.

Mimi nitaitetea njia ya tatu, ya kukaa chini. Wachongaji wengi wa pwani huchonga wameketi, ubao uko chini mbele yao au juu ya kigogo kifupi, mguu ukiushika. Benchi fupi la sentimita 30 hivi, ubao mnene wenye miguu minne, linatosha kukalia na kukatia pia: unapanda juu yake kwa goti, uzito wako ndio jiriwa ya kuubana ubao. Halichukui nafasi, hubebwa darini kwa mkono mmoja, na likilala kwenye mkeka mnene halimpigii jirani kelele. Mwenye mgongo unaouma achague meza ya kusimama, yenye kimo cha kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, ukiushusha mkono, karibu sentimita 85 hadi 90 kwa wengi wetu.

Mbao

Mvule unapendeza na unadumu, lakini mara nyingine ndani yake mna vijiwe vya chokaa vinavyomeng'enya makali ya patasi, na vumbi lake huwasha pua. Msaji una mafuta yanayosumbua gundi na mchanga wa asili unaobutua randa. Vyote viwili viache kwanza. Mwembe unapatikana, unachongeka, na bei yake inavumilika, ila usipokauka vizuri hupata madoa na wadudu. Mwarobaini nauweka juu kwa Lamu: umejaa kila mahali, wadudu hawaupendi, rangi yake hukaribia ya mkangazi. Nyuzi zake huzunguka kidogo, kwa hiyo randa isiwe na ulimi uliotoka sana. Saipresi kutoka bara ni laini na ni ya kujifunzia viungo, si ya kuchonga nakshi, maana pembe za nakshi huvunjika.

Kutu

Ubao wa kutundikia vifaa ukutani unapendeza kwenye picha. Kwa hewa ya chumvi, sanduku lenye kifuniko ni bora mara nyingi. Kila ukimaliza, pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na usiache patasi darini hata kwa usiku mmoja. Pakiti zile ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu usizitupe, tia sandukuni.

Mafuta au vanishi

Vanishi inang'aa na kulinda vizuri, ila harufu yake haifai chumba cha kulala, na darini vumbi la mtaa litatua juu yake kabla haijakauka. Mafuta ya kitani hupakwa kwa kitambaa, huvumilia vumbi bila kuharibika, na yakichakaa unapaka tena. Kwa nyumba ndogo naona mafuta yanashinda waziwazi.

Yana hatari moja ambayo kila mwenye makuti juu ya kichwa aijue. Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo, joto hilo halina pa kutokea mpaka kitambaa kiwake chenyewe, bila kiberiti wala mtu karibu. Kitandaze kimoja kimoja juu ya sakafu ya saruji kikauke kikiwa wazi, mbali na makuti na maranda, au kitumbukize kwenye mkebe wa maji wenye kifuniko mpaka utakapokitupa. Fanya hivyo kabla ya kunawa mikono.